Mzee Kaunta na Chupa ya Miaka Kumi na Minane

Baba mkwe wangu watu wote wanamwita Mzee Kaunta. Hata mimi nilikaa nyumbani kwake karibu nusu mwaka ndipo nikaliona jina lake halisi, limeandikwa kwenye kadi ya kliniki, nikairudisha kadi kwa nesi nikimwambia katupa ya mtu mwingine. Amesimama nyuma ya kaunta ya baa ya hoteli moja kwa miaka thelathini na mmoja. Hoteli imebadilisha wenyewe mara tatu, imebadilisha mazulia, mapazia na hata lifti, lakini kaunta imebaki na yeye amebaki nayo.

Nilimjua kabla sijaolewa na mwanawe, maana nilikuwa naosha glasi kwenye baa hiyo hiyo. Shule niliishia darasa la saba, na mengi niliyoyajua baadaye niliyapata pale kwenye sinki, mikono kwenye povu na masikio kwenye kaunta. Kila chupa mpya ya wiski ilipofunguliwa, kabla mgeni yeyote hajamiminiwa, yeye alimimina kiasi cha kifuniko kwenye glasi ndogo yenye tumbo, akaizungusha, akaingiza pua, akafumba macho. Kisha aliweka tone ulimini, akalitembeza mdomoni, akalitema kwenye kikombe. Halafu ndipo aliposema, "Twende kazi." Siku asiposema, chupa hiyo ilirudi stoo. Mameneja walipita na kuondoka, wote wakimsikiliza. Walikuwa wakisema ulimi wa mzee huyu ungestahili mshahara wa peke yake.

Alipenda kufundisha, na mimi nilikuwa mwanafunzi asiyetoroka kwa kuwa sinki halina mlango wa nyuma. Alinieleza kwamba wiski ya Uskoti ikitoka kwenye mtambo ni nyeupe kama maji na ina fujo. Inatiwa kwenye pipa la mti wa mwaloni na kulazwa humo miaka. Mti ndio unaoipa rangi, utamu na harufu, na mti nao unaiacha ipumue, kila mwaka kidogo inapotelea hewani. Ya miaka kumi na miwili bado ina ubishi. Ya kumi na minane imetulia, inaongea kwa sauti ya chini. Ukiivusha mno, unaanza kulamba kabati.

Wageni walidhani yeye mwenyewe atakuwa anaipenda iliyokaa zaidi. Hapana. Yake ilikuwa ya miaka kumi na miwili, ile inayotoka kwenye visiwa ambako shayiri hukaushwa kwa moshi, kwa sababu ilimkumbusha jiko la mama yake. Akiulizwa kwa nini asiichague ya kumi na minane, alijibu kwamba hiyo ni kama mkwe aliyekuja kutembea, nzuri, imenyooka, lakini huwezi kukaa nayo umevua viatu.

Jambo moja alilirudia mpaka nikalikariri: chupa haizeeshi. Umri wa wiski ni wa ndani ya pipa tu. Ukishaitia kwenye chupa ukaifunga, iweke mpaka wajukuu waoe, ni ile ile. Kuna mgeni alikuja akijisifu kwamba ana chupa ya miaka kumi na miwili aliyoificha kabatini miaka ishirini, kwa hiyo sasa ni ya thelathini na miwili. Mzee alimfutia meza taratibu akamwambia, "Aliyezeeka ni wewe, bwana. Chupa imekutazama tu." Kaunta nzima ilicheka, na yule mgeni akacheka kuliko wote.

Sasa, tangu mwaka jana, baba alianza kulalamika. Wiski za siku hizi zinatolewa kwenye mapipa mapema, karatasi ya nje inasema uongo. Kahawa ni maji ya kuoshea kikombe. Sabuni haina harufu. Mimi nilikuwa nimeshaacha kazi kulea binti yangu, nakaa naye nyumbani, kwa kuwa mume wangu ni dereva wa malori na nyumbani hupita kama mgeni. Kila nikipakua chakula, baba alionja akauliza kwa upole, "Mama, chumvi uligombana nayo?" Nikawa naongeza. Nilipokuja kuonja na mimi, midomo ilikauka. Tulimcheka. Tulisema mzee ameanza kudeka.

Mengine niliyaona nikanyamaza, na hayo ndiyo yanayoniuma. Mwezi uliopita alishikwa na mafua makali, na yalipoisha nilimwona asubuhi moja akinywa maziwa yaliyochacha, glasi nzima, akashukuru. Nilidhani ananistahi. Mkwe mpole, nikasema moyoni, hataki kunitia aibu. Ningeyasema siku ile, haya mengine yasingekuwa.

Jumamosi alirudi kutoka kazini amenuna. Alikula, akamchezea binti yangu kidogo, anamwita mchumba wake, kisha akaniambia kwamba stoo ya hoteli ina mwizi.

Ilikuwa hivi. Ile wiski ya miaka kumi na minane ni ya heshima, haikai rafuni. Ikishafunguliwa, kila jioni inarudishwa stoo na kufungiwa. Chupa hiyo ilifunguliwa siku ambayo baba hakuwa zamu. Jumamosi aliichukua, akaizungusha kwenye glasi yake kama kawaida, akaingiza pua, na hakukuta kitu. Ulimini ilikuwa moto mtupu. Akamwita meneja akamwambia, "Hii imetolewa ikatiwa kitu kingine. Aliyekuwa na ufunguo anajua."

Na aliyekuwa na ufunguo ni mmoja tu. Mtunza stoo, mama mjane wa makamo, tuliyezoea kumwita Mama Funguo kwa sababu ya kile kitita cha funguo kinacholia kiunoni mwake, unamsikia tangu ngazini. Mama huyu ndiye aliyenishika uchungu wa kuzaa uliponikamata katikati ya kuosha glasi, akanifunika kwa koti lake, akanipeleka hospitali na akakaa nje ya mlango mpaka mtoto akalia. Miaka kumi na tisa yupo stoo, hajapoteza hata uma. Nikamuuliza baba kama ana hakika. Akaniangalia kama nimemuuliza kama anajua njia ya chooni.

Meneja hakubishana. Siku hiyo hiyo Mama Funguo alivuliwa funguo mbele ya wenzake, akaambiwa akae nyumbani mpaka Ijumaa, siku hiyo atakuja kupewa barua yake ya kufukuzwa kazi. Jumapili nilimfuata kwake. Nilimkuta amekaa kitandani na sare yake ya kazi, ameipiga pasi, hajui aivae kwenda wapi. Aliniambia hali chakula. Aliniambia watoto wake wamesikia kwa majirani. "Mdogo wangu," akasema, "mtu mwingine angesema, ningebisha. Amesema Mzee Kaunta. Mimi mwenyewe nimeanza kujiuliza kama nimeiba nikasahau." Nilirudi nyumbani na kila nikimtazama baba mkwe wangu, nilimpenda na nikamwogopa.

Jumatano, saa kumi jioni, nilikuwa uani naanika nguo. Kulikuwa na upepo wa vumbi, madirisha nilikuwa nimeyafunga. Jikoni kwetu na sebuleni ni chumba kimoja. Nilibandika maziwa ya mtoto kwenye gesi kwa moto mdogo, nikamwachia baba binti yangu, amempakata kwenye kigoda pale pale karibu na jiko, redio inaongea. Nilichukua muda. Shuka lilianguka nikalisuuza upya.

Nilipofungua mlango, harufu ilinipiga usoni kama kitambaa kilicholowa. Maziwa yalikuwa yamefurika na kuzima moto, na gesi ilikuwa inatoka, inatoka, chumba kizima kimejaa. Baba ameinama juu ya jiko. Mtoto amempakata kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia una kiberiti, njiti imeshatoka, imeshaegemezwa kwenye ubavu wa kiberiti.

"Moto umezimika, mama," aliniambia, ametulia kabisa. "Nawasha."

Sijui nilivukaje chumba. Nilikamata mkono wake kwa mikono yangu miwili, nikaukunja, njiti ikavunjika. Nilifunga mtungi, nikampokonya mtoto, nikamvuta baba kwa shati mpaka uani. Sikuwahi kumgusa baba mkwe wangu hata bega, siku hiyo nilimburuta. Binti yangu alidhani ni mchezo, alikuwa anacheka. Mimi nilikaa chini kwenye tope la maji ya kufulia nikamkumbatia.

Baba alikuwa amesimama anaangalia shati lake, kifungo kimekatika.

"Kuna nini?"

"Gesi, baba."

"Gesi ipi?"

Aliuliza kweli. Mlango ulikuwa wazi, harufu inatufuata mpaka kwenye kamba ya nguo, jirani wa upande wa pili ameshatoa kichwa dirishani kuuliza kuna nini kinanuka, na yeye alikuwa ananiuliza gesi ipi. Nilimtazama puani, kama mjinga, kana kwamba ningeona kitu. Ndipo mambo yote yakanijia kwa pamoja. Maziwa yaliyochacha, chumvi, kahawa, sabuni. Kisha yakaja yale ya Jumamosi, na nikajikuta nimeziba mdomo kwa mkono.

Yeye naye alikuwa ameshaanza kuelewa, ila bado anasukumana na jambo hilo. Alirudi mlangoni, akasimama, akavuta pumzi ndefu kama wanavyovuta kwa daktari. Akavuta tena. Nilimwambia, kwa heshima zote nilizokuwa nazo, kwamba mimi kwa harufu ile nashindwa kusimama pale alipo. Akasema labda ni mafua hayajaisha. Nikamwambia mafua yaliisha wiki tatu zilizopita, baba, na pua yako haichuruziki. Akaniambia ninyamaze.

Tulipomaliza kupitisha hewa, alikwenda chumbani akarudi na chupa. Miaka minne iliyopita mgeni mmoja mzee alimwachia chupa mbili za ile ya moshi, ya miaka kumi na miwili, zote za pipa moja. Ya kwanza aliimaliza, kifuniko kimoja kila Jumapili, ikamchukua mwaka mzima. Ya pili alikuwa anaitunza, utepe wake haujakatwa. Aliukata mbele yangu. Alimimina kwenye kikombe cha chai, mikono haijazoea kikombe, akainusa. Mimi nilikuwa upande wa pili wa meza na ule moshi niliusikia mpaka kooni, kama mtu kachoma majani mabichi chini ya meza. Akafumba macho. Akakaa hivyo muda mrefu mpaka nikadhani amepata kitu. Akaonja.

"Inaunguza," akasema. "Basi. Inaunguza kama spiriti ya hospitali."

Nilitamani aseme kwamba hata hii wameichakachua. Ingekuwa rahisi kwake. Lakini chupa ilikuwa imefungwa tangu huko ilikotoka, na yeye ndiye aliyetufundisha sisi wote kwamba chupa haizeeshi. Nilimwona akilifikia hilo mwenyewe. Uso wake ulibadilika kama mtu aliyekanyaga ngazi ambayo haipo. Aliweka kikombe chini, akaangalia mikono yake, huku na huku, kana kwamba nayo itamkana.

"Yule mama," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Nimemfanya nini yule mama?"

Kesho yake hakwenda kazini. Alishinda amekaa anafungua vitu na kuvinusa kimoja kimoja, siki, kitunguu, mafuta ya taa, kiatu chake mwenyewe, kama mtu anayetafuta ufunguo kwenye mifuko ambayo ameshaipekua. Nikamwonea huruma, lakini nilikuwa nahesabu saa za Ijumaa. Nilijua akienda kusema, kaunta ndiyo basi tena. Nani atamweka mtu asiye na pua amimine wiski? Na asipoenda, Mama Funguo anatoka pale na barua ya wizi, katika umri ambao hakuna atakayempa hata ufunguo wa choo. Sikuwa na haki ya kumsukuma. Nilimpigia pasi shati jeupe na kushona kifungo kilichokatika, nikalitundika mahali ambapo hawezi kupita bila kuliona.

Ijumaa asubuhi alilivaa. Akaniambia, "Mama, twende wote. Nikirudi nyuma njiani, niulize tu kama nimesahau kitu."

Hakurudi nyuma. Ofisini kwa meneja tulimkuta Mama Funguo ameshakaa, mkoba mapajani, na barua iko mezani imekunjwa. Hakutuangalia. Baba hakukaa. Alisema yote akiwa amesimama, kwa maneno machache, kwamba hana pua, kwamba pengine hana tangu mwaka jana, na kwamba chupa ile hakuijua wala hakuwa na uwezo wa kuijua. Mimi nikaongeza habari ya gesi, mtoto mgongoni.

Unajua meneja alifanya nini? Alitabasamu. Akamwambia baba kwamba anaelewa, mzee ana moyo mzuri, amemhurumia mwenzake, lakini ulimi ule kila mtu anaujua. "Mzee, umeombwa," akasema. "Usijishushe kwa ajili ya mtu." Miaka thelathini na mmoja hakuna siku aliyosema neno juu ya wiski akakataliwa, na siku ya kwanza kukataliwa ni hiyo aliyosema kwamba hajui. Akataka kuapa. Meneja akampoza kwa mkono. Nikamwona Mama Funguo anafumba macho.

Sikuwa na mpango wa kusema. Mimi nilikuwa muosha glasi tu, na wa zamani. Lakini niliuliza, kwa sauti ndogo, "Kwani kuna mwingine aliyeinusa?"

Meneja akaniangalia. Akamwangalia baba. Akaangalia kabati lake, ambamo chupa ilikuwa imefungiwa kama ushahidi. Nikaona shingo yake inabadilika rangi. Hakuna. Siku sita, mama wa watu amevuliwa funguo, watoto wake wanachekwa, barua imeshapigwa muhuri, na hakuna mtu mmoja katika hoteli ile ya vyumba tisini aliyefungua kifuniko akaweka pua yake. Hata meneja. Hata Mama Funguo mwenyewe hakuwaza kuomba. Sote tulikuwa tumeshazoea kwamba pua ni moja.

Akaitwa mpishi mkuu, akaja na aproni yake, amekasirika kwamba supu yake iko motoni. Wakampa glasi mbili, moja ya chupa ile, nyingine ya chupa mpya iliyotolewa stoo muda ule ule ikafunguliwa mbele yetu. Hakuambiwa kitu. Alinusa ya kwanza, akanusa ya pili, akarudia ya kwanza. Akaonja zote.

"Mnanichezea? Ni moja hii. Mama mmoja, baba mmoja." Akaweka glasi chini akaondoka na supu yake.

Meneja aliichana barua vipande viwili, kisha vinne, hakujua aviweke wapi, akavitia mfukoni. Alifungua droo akatoa kile kitita cha funguo akampa Mama Funguo kwa mikono miwili, akisema maneno mengi ya kuomba radhi ambayo nadhani hakuna aliyeyasikia. Kwa baba alisema wataongea Jumatatu, pengine kuna kazi ya kupokea wageni mlangoni, pengine kuna kitu. Baba akasema ndiyo, Jumatatu, na akafungua kifungo cha shati shingoni kama mtu aliyekosa hewa.

Tulitoka pamoja hadi kwenye korido. Mama Funguo alikuwa mbele, funguo mkononi, bado hajazifunga kiunoni. Alisimama akageuka, na kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi akamtazama baba machoni.

"Mzee wangu, nataka kuuliza kitu kimoja. Siku ile ulipoonja, uligeuka ukaniangalia. Uliona nini?"

Angeweza kudanganya. Nilikuwa naomba moyoni adanganye, aseme aliona mtu mwema akashangaa. Baba hakumkwepa macho.

"Niliona mwizi," akasema. "Nilimwona kabisa. Ningeapa."

Mama Funguo alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayepokea mzigo na kuupima uzito. Hakulia. Nilitaka kumshika mkono nikaona si wakati wake.

"Nitakusamehe, mzee wangu," akasema. "Lakini si leo. Leo usiniombe."

"Sikuombi."

Chini mtu alikuwa anapiga honi, gari la vinywaji limefika na hakuna wa kulifungulia stoo. Akashuka ngazi. Baba akabaki ameegemea ukuta, na binti yangu akanyoosha mkono kutoka mgongoni kwangu akamshika pua, kama anavyofanya siku zote, akamvuta. Baba hakucheka. Aliuacha mkono ule hapo hapo puani, amefumba macho, mpaka mtoto mwenyewe alipochoka akauondoa.